Mtoto Aliyekua Kwenda Chini

Wahenga hawakusema nyumba usiyoiona. Hawakusema nyumba usiyoikagua, wala nyumba ambayo hukuletewa picha zake arobaini na saba kwenye simu. Walisema nyumba usiyolala ndani. Macho ni mashahidi wepesi kuhongwa: rangi mpya huyahonga, na mlango wenye kitasa cha shaba huyahonga kabisa. Usingizi hauhongeki. Mtu akilala, nyumba husahau kwamba inatazamwa, ikaanza kusema. Maurine aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, ila yaliingia sikio hili yakatokea lile, hadi Jumamosi moja ya Julai alipofunga virago kuhama Kisumu kwenda kuanza maisha Nairobi.

Aliyemsafirisha ni Peres, rafiki yake wa chanda na pete tangu darasa la tatu. Pikapu ilikuwa ya Peres, ya kubebea samaki kutoka ufuoni Dunga hadi soko la Kibuye, na ingawa usiku wa kuamkia safari aliisugua kwa sabuni mara tatu, bado ilinuka omena. Maurine aliketi kando yake akiwa amempakata Becky, bintiye wa miaka mitano. Nyuma walipakia magodoro, jiko la gesi, masufuria, na kabati la mvule alilopewa na mama yake. Kabati hilo lililazwa chali juu ya blanketi na kufungwa kamba kifuani na miguuni. Kila Peres alipotazama kioo cha nyuma, aliondoa macho upesi. Lilifanana mno na mtu anayesafirishwa kwenda kuzikwa.

"Harufu hii itanifuata hadi kazini," Maurine alilalamika walipopita Ahero.

"Shukuru Mungu. Si unaenda kuuza miwani? Wateja wasiokuona watakunusa."

Walicheka hadi Becky akacheka bila kujua kinachochekesha. Maurine alikuwa amepata kazi katika duka la miwani pale Adams Arcade, na kazi ilianza Jumatatu. Akatoa simu, akaonyesha picha kwa mara ya kumi: nyumba mpya ya mawe huko Mutuini, sebule, jiko, vyumba viwili, vigae vyeupe kama maziwa. Na mlango! Mlango wa mbao nyekundu, uliochongwa maua, wenye kitasa cha kichwa cha simba.

"Nyumba njema si mlango," Peres alisema. "Umelala humo hata siku moja?"

"Nani hulala kwenye nyumba kabla ya kuhamia?"

"Dani yako."

Ni kweli. Dani, nyanya yake mzaa mama, hakukubali mtu wa ukoo wake ahamie nyumba yoyote kabla yeye mwenyewe hajailalia. Alikwenda na mkeka na chupa ya maji tu, akalala peke yake ndani ya nyumba tupu, sikio likiwa sakafuni. Asubuhi alisema, "Leteni vitu," au alikunja mkeka wake na kuondoka bila neno, na hakuna aliyethubutu kumwuliza alichosikia.

"Dani alikuwa na muda," Maurine alisema. "Mimi Jumatatu saa mbili niko kazini. Tena mtoto huyu amelala kitanda kimoja na mimi na mama yangu tangu azaliwe. Nimemwahidi chumba chake. Sivunji ahadi kwa sababu ya mkeka."

"Chumba changu kiko kwa kona," Becky alisema kwa fahari.

Gari lilipanda na kupanda, likaacha jua nyuma kule Naivasha. Walipofika Limuru, ukungu uliwapokea. Haukuwa ukungu wa kupita. Ulikuwa mzito kama uji, ukatambaa nao hadi Gitaru, ukashuka nao kwenye barabara kuu ya kando ya jiji, ukaingia nao Dagoretti. Saa tisa alasiri walipofika Mutuini, migomba na vibanda vya ng'ombe vilitokeza ghafla kando ya njia na kumezwa tena, kama watu wanaochungulia kisha wakabadili nia.

Langoni walimkuta msimamizi wa nyumba, mzee mmoja mwembamba aliyejiita Mwangangi, kofia ya sufu ikiwa imemshuka hadi kwenye nyusi. Aliwaamkua kwa adabu. Kisha, badala ya kumpa Maurine funguo mkononi, aliziweka juu ya ukuta, akarudi nyuma hatua mbili.

"Karibuni sana. Fungueni tu wenyewe."

"Si utuingize, mzee?" Maurine aliuliza.

"Mguu huu wangu, madam. Baridi imeubana."

Peres aliona kwamba mguu huo ulitembea vizuri tu ulipokuwa ukirudi nyuma. Akaona na jambo jingine. Kuku wa jirani walikuwa wakidona uwanjani, wakilizunguka jengo. Kila walipokaribia kona ya nyuma walisimama wote kwa pamoja, wakainamisha vichwa upande upande kama wanaosikiliza, kisha wakageuka.

Ndani, nyumba ilikuwa kama picha zake. Maurine alizunguka akipiga vigelegele, akafungua mifereji, akawasha na kuzima taa. Becky alikimbilia chumba cha kona. Mlango wake ulikuwa umefungwa, lakini kabla hajaufikia, ulifunguka wenyewe taratibu, bila mlio.

"Umenifungulia!" Becky alisema.

"Ni upepo," Maurine alisema.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Peres aliinama. Chini ya mlango ule palikuwa na nafasi ya vidole viwili, na katika nafasi hiyo mlitoka hewa baridi yenye harufu ya udongo wa zamani, udongo usioota kitu. Alijua kusoma sakafu. Marehemu baba yake, Obuya, alikuwa fundi wa sakafu aliyesifika Kisumu nzima, na kila alipomaliza kazi alivua viatu, akatembea juu yake akigonga kwa kisigino. "Sakafu hai hukurudishia kisigino chako," alikuwa akimwambia bintiye. "Sakafu mfu hukimeza." Peres akavua kiatu, akagonga sebuleni. Kisigino kilirudi. Akaingia chumba cha kona, akagonga. Sauti ilikwenda, ikaenda, na ikachelewa mno kufika ilikokuwa ikienda.

"Maurine, njoo usikie hapa."

"Peres, njoo tushushe mizigo kabla mvua haijanyesha. Mtoto amechoka."

Becky alikuwa amechoka kweli. Godoro lake liliposhushwa na kuwekwa katika chumba chake, alijitupa kifudifudi, usingizi ukamchukua hata kabla hajavua viatu. Wanawake wale wakaendelea kubeba. Kabati la mvule liliwashinda, wakamwita Mwangangi na mwendesha boda boda mmoja aliyekuwa akipita. Walilibeba wanne hadi mlangoni. Hapo Mwangangi akaliweka chini upande wake, ncha za viatu vyake zikiwa kwenye kizingiti, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto asioujua kina chake.

"Mimi nafika hapa tu," alisema, akaondoka.

Walipolisukuma kabati hadi sebuleni na boda boda akaenda zake, walimkuta Becky amesimama, nywele zimesimama pia, uso umekunjwa kwa usingizi.

"Mama, nani yuko chini?"

"Chini wapi, nyathina, mwanangu? Hii si ghorofa."

"Chini ya godoro langu. Anahesabu. Akifika kumi anaanza tena."

Maurine alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Peres hakungoja. Aliingia chumbani, akalisogeza godoro, akalala na kuweka sikio kwenye kigae. Baridi ya kigae ilimpenya hadi jinoni. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha, kutoka mbali sana chini yake, mbali kuliko msingi wa nyumba yoyote: *to*. Kimya. *To*. Kimya. *To*. Tone baada ya tone, likiangukia mahali penye nafasi kubwa. Alipohesabu tone la kumi, kulitokea mkwaruzo, kama ukucha unaopita juu ya ubao, na vijiwe vikaporomoka muda mrefu, muda mrefu kupita kiasi. Halafu likaanza tena. *To*.

Aliinuka akiwa na jasho, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia fremu ya mlango, upande wa ndani. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya maziwa, lakini chini ya rangi ile mistari ya penseli ilionekana, iliyochorwa na mzazi anayepima kimo cha mtoto wake. Kando ya kila mstari paliandikwa mwezi. Peres aliwahi kupimwa hivyo na baba yake. Alijua jinsi mistari inavyopanda kila mwezi kama ngazi.

Mistari hii ilishuka.

Januari ulikuwa juu kabisa. Machi ulikuwa chini yake kwa kidole. Juni, chini zaidi. Septemba. Novemba. Mtoto yuleyule, jina lilelile, Kaindi, amesimama mahali palepale mwaka mzima, akipungua.

"Maurine," aliita kwa sauti aliyoiona ngeni kinywani mwake. "Mtoto gani hukua kwenda chini?"

Maurine alikuja, akatazama. Kisha akajikaza kama mtu anayefunga mkanda.

"Mama yake hakujua kupima."

"Na hayo matone?"

"Mfereji unavuja. Au ni fuko. Mutuini kuna mashamba, kuna fuko."

"Maurine, tusiingize kitu kingine. Tulale sebuleni usiku huu, karibu na mlango, kwenye mkeka, vitu vingine vibaki kwenye gari. Usiku mmoja tu. Kama Dani."

Hapo Maurine akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi na moto kwa pamoja.

"Unajua nini, Peres? Sema ukweli. Hutaki nikae hapa. Ulitaka tuzeeke wote Kisumu tukinuka omena. Mimi nimepata kazi, nimepata nyumba, sasa sakafu inahesabu! Wivu tu huo."

Neno hilo lilimchoma Peres kama mwiba wa samaki kooni, halimezeki, halitemeki. Alimshika Becky mkono, akampeleka sebuleni, akamketisha juu ya gunia la nguo. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye ukungu, akajiambia kwamba ataondoka. Akaushika hata mlango wa gari. Lakini mguu ulikataa. Rafiki anayekutukana akiwa mbele ya shimo bado ni rafiki, na shimo bado ni shimo. Akarudi.

Alimkuta Maurine peke yake na kabati. Alikuwa amelitandikia blanketi chini ya miguu na alilivuta kinyumenyume kuelekea chumba cha kona, akihema.

"Sihitaji msaada wako," alisema bila kumtazama.

Kabati lilivuka kizingiti cha chumba. Maurine akapumzika, akaachilia blanketi, akaegemea ukuta wa kando ya mlango.

Kabati likaendelea.

Halikuwa limesukumwa. Liliteleza polepole juu ya vigae vyeupe, likapita mbele ya Maurine kama mgeni anayejua chumba chake, likaelekea kona. Mlango wake mmoja ulifunguka, ukawa unapunga. Na kule konani, juu ya godoro, alikuwa Becky. Alikuwa amerudi kimyakimya, amelala kifudifudi, sikio likiwa pembeni mwa godoro, akihesabu kwa vidole.

"Saba," alisema. "Nane. Tisa."

Akainua kichwa, uso wake umejaa mshangao.

"Mama, amenyamaza."

Peres hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika pale. Alikumbuka tu kitambaa cha gauni mkononi mwake, uzito wa mtoto ukimgonga kifuani, na kisigino chake kikikanyaga kigae ambacho hakikumrudishia kitu. Aliruka. Maurine alimdaka mkono kutoka mlangoni, akamvuta kwa nguvu zote, wakaanguka watatu sebuleni, mmoja juu ya mwingine.

Hapakuwa na kishindo. Hilo ndilo lililowatisha kuliko yote. Vigae vilipasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja. Sakafu ya kona ikainama. Godoro likateleza, likatoweka. Kisha kabati la mvule, likiwa limesimama wima, likaanza kushuka: kwanza miguu, kisha droo, kisha kioo, ambacho kiliwaonyesha nyuso zao watatu kwa mara ya mwisho, kisha mabega. Lilishuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba yake. Muda mrefu baadaye, kutoka chini sana, wakasikia maji yakilipokea.

Mwangangi aliwakuta nje, kwenye nyasi. Alikuwa amevua kofia.

"Ulijua!" Maurine alimrukia. "Ulijua, mzee!"

"Nililala humo usiku mmoja, madam," alisema, macho chini. "Mwaka huu mwezi wa pili, nikilinda vigae visiibiwe. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Tangu siku hiyo sijavuka kizingiti."

"Na hukuniambia?"

"Ulinipigia simu ukaniuliza kama kuna maji. Nikakwambia yapo." Akaikunja kofia mkononi. "Mwenye nyumba aliniambia nikifungua mdomo, nifungue na lango nitoke. Nina miaka sitini na mmoja. Nani ataniandika kazi? Lakini mtoto... Sikujua mngemlaza kona hiyo. Nisamehe, mama Becky."

Akawaeleza yaliyobaki. Zamani, kabla ya nyumba ya mawe, kiwanja hicho kilikuwa na vyumba vya mabati, na pale konani palikuwa na choo cha shimo cha wapangaji wote, kina chake futi hamsini. Mwenye nyumba alipojenga, alilifunika shimo kwa mbao, akamwaga zege juu. Mbao zikaanza kuoza. Mwaka jana aliishi humo mtu aitwaye Wambua na mkewe, na mtoto wao Kaindi. Walipoona mtoto anapungua kimo, walimpeleka hospitali, wakampeleka kwa maombi, wakafunga siku saba. Mwishowe walihama wakilia, wakiamini wamerogwa.

"Mtoto hakupungua," Peres alisema polepole. "Fremu iko kwenye ukuta, na ukuta una msingi. Mtoto alisimama kwenye sakafu. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikishuka naye."

Ukungu uliingia kupitia mlango wa maua ulioachwa wazi, kama wenye nyumba wanaorudi.

"Na mwenye nyumba alifanya nini?" Maurine aliuliza.

"Aliongeza zege. Akaweka vigae."

Maurine aliinua uso, akamtazama rafiki yake. "Lile neno la wivu, Peres..." alianza. Peres alimwondolea kazi hiyo.

"Nyamaza, min Becky, mama mtoto. Hata mimi nimelililia lile kabati."

Usiku ule walilala katika kibanda cha mabati cha Mwangangi kando ya lango, naye akalala kwenye pikapu. Kibanda kilivuja upepo, ukuta wake ulikuwa na maboksi na picha za kalenda za miaka iliyopita. Lakini mzee alikuwa amekilalia miaka sita, na kisigino cha Peres kilipogonga sakafu yake ya udongo kilirudi kikiwa salama. Asubuhi mzee huyo alichukua kamba na mbao tano, akauzungushia uzio mlango wa simba, kisha akaenda mwenyewe kwa chifu kusema yote aliyoyajua, kazi ibaki au isibaki.

Jumatatu, baada ya kazi, Maurine alipanda ngazi hadi ofisi ya dalali aliyempa nyumba ile, ghorofa ya nne ya jengo moja katikati ya jiji. Alimkuta akimwonyesha msichana mwingine picha arobaini na saba. Alipomwuliza kama amewahi kufika Mutuini, dalali alimtazama kana kwamba ameulizwa kama amewahi kufika mwezini. Maurine akamgeukia yule msichana. "Dada," alisema, "usiangalie mlango. Twende nikununulie chai nikuambie."

Wiki tatu baadaye, Peres akiwa amemrudisha Becky na mizigo Kisumu, Maurine alipata nyumba nyingine karibu na Dagoretti Corner, ya chumba kimoja na pazia katikati. Mlango wake ulikuwa wa bati, rangi imebabuka. Mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Veronicah, alimwuliza atahamia lini.

"Kwanza naomba funguo za usiku mmoja," Maurine alisema.

Alikwenda na mkeka na chupa ya maji tu. Asubuhi alimpigia Peres simu Kisumu, sauti yake ikiwa nzito kwa usingizi mtamu.

"Ulisikia nini?" Peres aliuliza.

"Jirani anakoroma kama trekta. Leta vitu."

Siku vitu vilipofika, Becky alisimama kando ya pazia lililokuwa mlango wake, visigino vikigusa ukuta, naye mama yake akachora mstari kwa penseli na kuandika Agosti. Mwishoni mwa Oktoba alimsimamisha tena palepale, akachora, kisha akapiga magoti kutazama. Mstari mpya ulikuwa juu ya ule wa zamani kwa unene wa ukucha. Maurine aliugusa, akalia, akamtumia Peres picha yake moja tu. Hakika, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.